Usiruke toleo: pitia pandas 1.5.3 kabla ya kwenda 2

Kama programu yako ya Python imezoea pandas 1.3 (pandas ni maktaba ya kushughulikia majedwali ya data), usiipeleke moja kwa moja kwenye 2.0. Ipitishe kwanza 1.5.3, toleo la mwisho la mfululizo wa 1, uiendeshe yote, usome inalalamika nini.

Hapa Mbeya natunza programu za kupokelea mazao: parachichi za Rungwe, kahawa ya Mbozi. Nyingi ziliandikwa na vijana ambao siku hizi wako Dar. Zinafanya kazi misimu kadhaa bila kuguswa, halafu kompyuta inapigwa windo upya, mtu anaandika `pip install pandas`, linashuka toleo jipya, na mzani umeshaanza kupima.

Pandas kwa kawaida haifuti kitu ghafla. `append` ya DataFrame, yaani ya kuongeza mistari kwenye jedwali la pandas, ilianza kutolewa onyo kwenye 1.4, Januari 2022, ikaondolewa kabisa kwenye 2.0, Aprili 2023. Ukiwa 1.5.3, onyo linakutajia mbadala wake, `pd.concat`. Ukiruka, unapata AttributeError: kitu hakipo, utajua mwenyewe. `iteritems` nayo imeondoka hivyohivyo, tumia `items`.

Hizo ni afadhali, maana programu inasimama na kila mtu anaona. Balaa ni zile za kimyakimya. Chukua jedwali lenye kijiji, jina la mkulima na kilo, kisha andika `groupby("kijiji").sum()`, yaani ujumlishe kwa kila kijiji. Zamani safu ya majina ilikuwa inaachwa. Kwenye 2.0 majina nayo yanajumlishwa, yaani yanaunganishwa, na chini ya kijiji unakuta AtupeleAmbakisyeTusekile kama mtu mmoja. Kilo ziko sawa, kosa halitokei, na ripoti inakwenda kwa mhasibu ikiwa hivyo. 1.5.3 ingekuonya uandike `numeric_only=True`.

Maonyo yakiwa mengi watu huyapuuza, kwa hiyo mimi huyageuza kuwa makosa (FutureWarning ndilo jina la aina hii ya onyo):

`python -W error::FutureWarning mapokezi.py`

Programu inasimama kwenye onyo la kwanza na kukuonyesha mstari. Rekebisha, endesha tena, mpaka imalize yenyewe. Tumia data ya msimu uliopita, siyo mistari michache ya kujaribia, kwa sababu onyo halitoki kwenye sehemu ambayo haikuendeshwa. Ukimaliza, rudia na DeprecationWarning, aina nyingine ya maonyo. Hizo Python huzificha mara nyingi.

Na usidanganyike kwamba namba ya kwanza ya toleo ndiyo pekee yenye hatari. NumPy, maktaba ya hesabu ambayo pandas inaitegemea, ilianza kuonya kuhusu `np.float` kwenye 1.20, ikaiondoa kwenye 1.24. Namba ya kwanza ilibaki 1, na programu kibao zikaanguka.

Kazi hii ifanyie kwenye venv (mazingira ya Python yaliyotengwa) ya peke yake yenye Python 3.11 au ya chini kidogo, kwa sababu 1.5.3 haikuandaliwa kwa ajili ya 3.12. Weka pia `numpy<2`, la sivyo hata `import` itakataa. Ukiridhika, andika matoleo kamili kwenye requirements.txt, faili la orodha ya paketi za programu, kwa alama ya `==`.

Kama kituo chako kiko huko ambako mtandao ni wa kubahatisha, shusha paketi zote kwa `pip download` ukiwa mjini, kwenye mashine yenye mfumo na Python ileile ya kituoni, uende nazo kwenye flashi.