Ukienda Kalangala kupumzika, lala mara nne

Watu wengi wananiuliza Kalangala, kule visiwa vya Ssese kwenye Ziwa Viktoria, kukoje, na wengi ni wa Kampala wenye wikendi moja tu mkononi, na mi jibu langu huwa lile lile, kama una siku mbili tu bora ulale nyumbani. Najua mtu anasikia vibaya nikisema hivyo lakini ngoja nieleze.

Feri ya MV Kalangala inatoka Nakiwogo pale Entebbe saa nane mchana, inafika gati la Lutoboka kule kisiwani kwenye saa kumi na moja na nusu hivi, yaani masaa matatu na nusu uko majini. Kurudi inatoka kisiwani saa mbili asubuhi. Sasa piga hesabu. Ukienda Ijumaa ukarudi Jumapili, Ijumaa unafika jua linakaribia kuzama, Jumapili unaamshwa mapema ufunge begi, siku yako nzima ni Jumamosi peke yake, na Jumamosi ndo siku vijana wanajaa ufukweni na maspika makubwa. Mara yangu ya kwanza nilienda hivyo. Hoteli niliyofikia ilipiga muziki mpaka saa tisa usiku, nikaomba wapunguze hawakupunguza, nikarudi kazini Jumatatu nimechoka kuliko nilivyoondoka. Iliniuma kwa sababu ile hela niliiweka akiba miezi.

Mara ya pili nilienda na mama, Jumatatu mpaka Ijumaa. Mama ametulea watoto saba kwenye kambi ya jeshi, ndo maana nyumbani kwetu ni Kiswahili, na tangu baba afariki sijawahi kumwona amekaa tu bila kushika kitu. Nikamwambia mama wiki hii hupiki, hufui, huuzi. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, nitakaa nifanye nini?" Kesho yake asubuhi nimetoka nje nikamkuta anafagia kibaraza cha hoteli, ameuomba ufagio kwa yule binti wa usafi. Siku iliyofuata alikaa kwenye benchi chini ya mti lakini anauliza kila saa ni saa ngapi. Siku ya tatu alikula samaki, akajilaza, akalala mpaka saa kumi jioni, na mama mchana hajawahi kulala mimi nikimwona. Hapo ndo nikaelewa kwamba mwili wa mtu aliyezoea kazi hauamini mapumziko siku ya kwanza wala ya pili. Kwa hiyo nasema lala mara nne, na uende katikati ya wiki, chumba unapunguziwa bei ukiongea vizuri na ufuo unakuwa wako na tumbili.

Nakiwogo fika mapema, saa tano au saa sita uwe pale, watu ni wengi na mizigo ni mingi. Ukipata nafasi kaa juu nje, usijifungie ndani na simu. Baada ya saa moja hivi nchi kavu inakuwa mstari tu, halafu visiwa vinaanza kutokea kimoja kimoja, vyote vya Ssese ni 84, na Bugala ndo kikubwa kuliko vyote, ndo chenye mji wa Kalangala.

Kitu kimoja nikuambie usije ukashtuka, Bugala sio msitu mtupu siku hizi. Ukitoka Lutoboka ukapanda na boda kwenda ndani utakuta michikichi ya mawese imepandwa mistari kilomita na kilomita. Wenyeji wengine imewapa kipato, wengine wanalia na miti iliyokatwa, mimi binafsi nilisikitika. Msitu uliobaki karibu na maji ndo wa kuuthamini, asubuhi utasikia hondohondo wanapiga kelele na ukibahatika unaona kasuku wa kijivu. Mzee mmoja wa pale alimwambia mama kwamba hivi visiwa viliwahi kuachwa bila watu, na ni kweli, miaka ya mwanzo ya 1900 malale iliua watu wengi sana ukanda huu wa ziwa, wakoloni wakahamisha waliobaki. Pia kumbuka kwa Waganda hii sio maji tu, ziwa ni Nalubaale, na Mukasa, mungu wao mwenye ziwa, ana hekalu lake kisiwa cha Bubembe, kwa hiyo ukipelekwa sehemu ukaambiwa vua viatu, we vua.

Sasa usiku. Angalia kalenda uende wakati mwezi uko gizani, hili hakuna aliyeniambia nililipata tu kwa bahati. Wavuvi wa mukene, yaani dagaa, wanavua kwa taa, na taa inavuta samaki vizuri kukiwa na giza, mbalamwezi ikiwa kali wengi wanapumzika. Mukikaa ufukweni saa mbili saa tatu usiku mnaona ziwa lote limewaka taa ndogo ndogo kwa mbali kama mji. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mama aliangalia zile taa akanyamaza muda mrefu, halafu akaanza kunihadithia mambo ya baba walipokuwa vijana, mambo ambayo mimi mtu mzima nilikuwa siyajui hata moja. Ni usiku wa tatu huo. Kwenye safari ya siku mbili tungekuwa tushaondoka.

Chakula hakina shida, kula ngege, yaani sato, mzima wa kukaanga au mputa, yaani sangara, wa mchuzi na matooke, agiza masaa mawili kabla maana wanaanza kupika ukishasema. Na mananasi ya kule ni matamu sana.

Kwenye kuoga ziwani hapo naomba unisikilize. Ziwa lina kichocho. Konokono wanaokibeba wanapenda maji ya pembeni yaliyotulia yenye majani, na kile kimdudu kinapenya ngozi kwa dakika chache tu, huhisi kitu. Safari ya kwanza niliogelea asubuhi na jioni, baadaye nikaanza kuumwa tumbo na kuchoka ovyo, kupima ni kichocho. Kinatibika, dawa ni prazikwanteli unapimiwa kwa uzito wako, lakini usikimbilie kuinywa siku unayorudi kwa sababu inaua minyoo iliyokomaa, subiri kama wiki sita mpaka nane ndo uende ukapime, ila ukiumwa kabla ya hapo nenda. Mi sasa hivi naloweka macho tu, miguu inabaki mchangani. Na chandarua cha malaria kikague kama kina matundu kabla hujalipa chumba. Wale wadudu wa ziwa wanaopanda kama moshi hawaumi, zima taa ya nje watahamia kwa jirani.

Ukitaka kwenda kisiwa kingine kwa boti nenda asubuhi ziwa likiwa limelala, mchana upepo unaweza kubadilika ghafla. Jaketi la kuokolea maisha livae na ulifunge, sio kulikalia. Novemba 2018 boti ya starehe iliyojaza watu ilizama upande wa Mukono, wakafa watu zaidi ya 30, na walikuwa wametoka kujifurahisha tu. Ukiona boti imejaa, teremka, hata kama ushalipa.

Wenye gari, au wazazi wenu hawawezi masaa mengi majini, kuna njia ya Masaka. Unafika Bukakata unapanda feri ya kwenda Luku, upande wa Bugala, ni bure na gari lako linapanda, majini haifiki saa moja, halafu unaendesha mpaka Kalangala mjini. Barabara ni ndefu zaidi lakini hufungwi na ile saa nane ya Nakiwogo. Mama na mimi mwezi wa kumi na mbili tunapitia huko, giza la mwezi nishaliangalia kwenye kalenda, na safari hii ameshasema sweta yake anaibeba mwenyewe, maana kwa ule upepo wa usiku kwenye benchi ilibidi avae yangu.