Hajawahi kupewa penisilini, mbona dawa imeshindwa?

Ndugu mfugaji, umeuliza mbona penisilini haijatibu ugonjwa wa kiwele kwa mtamba wako aliyezaa juzi, ilhali hajawahi kupewa dawa hiyo. Usugu si wa ng'ombe, ni wa bakteria. Stafilokokasi, aina ya bakteria wanaosababisha ugonjwa huu mara nyingi, wengi wao hubeba plasmidi, kijipete cha DNA kinachoweza kuhamia kwa bakteria jirani, na humo mara nyingi mna jeni ya blaZ. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja penisilini. Kwa hiyo usiongeze dozi! Futa ncha ya chuchu kwa spiriti, mwaga matone ya kwanza, kinga maziwa kidogo kwenye chupa safi ya maabara, yawekee barafu, uyapeleke maabara wapime ni dawa ipi inayofaa. Na tafadhali, maziwa yenye dawa usimnyweshe ndama. Utawalea bakteria sugu tumboni mwake.