Jibu: Dagaa wa Kigoma wenye mchanga, na mgebuka mkavu

Salaam mkuu. Unalalamika kwamba kila ukila mjini Kigoma dagaa wana mchanga na mgebuka, samaki wetu wa ziwani, ni mkavu, unauliza tunakula wapi.

Kwanza angalia mwezi. Ziwa Tanganyika dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hivyo mbalamwezi ikikolea uvuvi unapoa na unapakuliwa wa akiba. Subiri siku za giza, mwezi ukiwa haupo.

Mchanga unatokana na kuanika chini ufukweni. Muulize mama ntilie kama dagaa wake ni wa kichanja, yaani walioanikwa juu, si mchangani. Anayefuata mzigo mwenyewe mwaloni Kibirizi atakujibu papo hapo. Akibabaika, agiza maharage.

Mgebuka usiagize wa kukaanga uliolala kabatini. Taka wa kuchoma, uungwe kwa mawese, nyanya na kitunguu, ule na ugali wa muhogo. Hapo utaelewa kwa nini watu wa huku hatuubadilishi na sato! Omba kuchungulia sufuria: mawese mazuri ni mekundu na harufu yake inakuita, yakikukereketa kooni, ni ya zamani.

Mimi naamini kibanda chenye sufuria mbili zinazoisha saa nane mchana kuliko hoteli yenye menyu ndefu. Vibanda vya Ujiji wavitaje watu wa Ujiji.