Boti ya ski inakata moto ikishapata joto: pima umeme wa koili kabla hujafungua kabureta

Mkuu, umesema mashine yako ya V8 ya ndani inawaka bila shida, inatembea poa dakika kumi na tano hivi, afu ukishaanza kumvuta mtu wa ski inamisi, haivuki rpm 3000, ukiiacha ipoe inarudi kama hakuna kilichotokea, na fundi kakwambia ni kabureta. Naomba usiiguse kabureta kwanza. Hilo tatizo nimekaa nalo msimu mzima, hivyohivyo ulivyolieleza, na kabureta yangu ilifunguliwa mara mbili wakati haikuwa na kosa lolote.

Kwanza sikiliza inakufaje. Umeme ukikosekana mashine inakata ghafla kama mtu kazima taa, na mara nyingi mshale wa rpm unarukaruka au unaanguka sifuri wakati shafti bado inazunguka. Mafuta yakipungua inalegea taratibu, inazama, ukirudisha mkono wa gesi nyuma kidogo inapata nafuu. Hiyo tofauti peke yake inakuokolea siku nzima ya kazi.

Kwangu ilikuwa ghafla. Nikabadilisha plagi zote nane, waya zake, kofia ya distributa (inayogawa moto kwa kila plagi) na rota, mpaka koili, ile inayopandisha volti za betri ziwe cheche ya plagi, nikaweka mpya, na bado. Kosa langu ni kwamba nilikuwa napima mashine ikiwa baridi, boti imefungwa gatini, na hapo kila kitu kinasoma sawa! Siku niliyopata jibu nilifunga multimita kwenye chanya ya koili kwa klipu, nikavuta waya za mita mpaka kwenye kiti cha mbele, nikamwomba mwenzangu aendeshe, tukatoka na mtu wa ski nyuma. Mwanzo ilisoma volti 9 na kitu, na kwa mfumo wa platini (swichi ndogo ndani ya distributa inayokata na kuunga umeme wa koili) wenye rizista, yaani kipande kinachopunguza umeme unaoenda koili, hiyo ni sawa, maana wakati wa kupiga start koili inapata umeme wote wa betri, ikishawaka rizista ndo inaushusha. Baada ya kama dakika ishirini nikaona 8, ikaja 7, ilipogusa 6 mashine ikaanza kutema. Betri muda huohuo ina 13.9. Sasa volti zinapotelea wapi?

Nikafuata waya wa zambarau, ambao kwenye boti nyingi ndo unaleta umeme wa swichi, mpaka kwenye ile soketi kubwa ya mviringo inayounganisha waya za mashine na za dashibodi. Kwa nje ilikuwa safi kabisa. Nikaichomoa, pini moja imeota kijani, imelika upande mmoja, na mpira unaoizunguka umegeuka kahawia na kujikunja, ukiunusa unasikia harufu ya kuungua. Yaani chini ya kifuniko kukipata joto pini nayo inapata joto, ukinzani unapanda, koili inakosa umeme, ikipoa inarudi. Nilikata pini mbovu pande zote mbili, nikaunganisha upya kwa tamino za boti zenye mpira wa kubana kwa moto, na toka hapo inavuta hadi mwisho.

Ukitaka kuthibitisha bila kufungua kila kitu, chomoa waya wa zambarau pale koili, uweke waya wa muda kutoka chanya ya betri, wenye fyuzi na swichi ndogo katikati; isipomisi tena, kosa liko kwenye njia ya huo waya wa zambarau. Kama rizista iko kabla ya koili, huo waya wa muda unairuka, basi fanya dakika chache tu, volti 12 kamili zinachoma platini na koili. Na utazimia kwa hiyo swichi maana ufunguo hautafanya kazi. Usithubutu kuchomoa waya wenye umeme juu ya mashine, cheche na mvuke wa petroli havikai pamoja. Kila mara kabla ya kuwasha fungua kifuniko, nusa, washa feni ya kutoa hewa dakika nne kamili. Hili sitanii.

Kingine ambacho watu wengi hawakijui: chomoa waya wa kijivu kwenye hasi ya koili, ndo wa mita ya rpm. Mita ikishoti ndani inaua moto wa mashine nzima, na hakuna anayeishuku.

Kama volti hazishuki kabisa ikiwa inamisi, hapo ndo uangalie koili yenyewe, kondensa, au moduli (kifaa kinachofanya kazi ya platini) kama wewe ni wa elektroniki, hizi zinakufa kwa joto. Uwe na testa ya moto wa plagi mkononi, ipime palepale inapokata, usisubiri ipoe. Kofia ya distributa itazame ndani kwa tochi, ufa wenye kaboni unaonekana kama mstari wa penseli. Ukinunua distributa, start au oltaneta chukua za boti, za gari hazijazibwa cheche.

Ukitoa waya za plagi piga picha kabla. Ford 351 ya kawaida inachoma 1-3-7-2-6-5-4-8, ila boti nyingi za ski mashine inazunguka kinyume na hapo mpangilio unageuka, kwa hiyo usichukue namba za gari ukaamini.

Ikiwa yako inalegea taratibu badala ya kukata, basi ni mafuta: filta, au ile vali ndogo yenye springi pale paipu inapotoka tangini, ikishika uchafu mashine inapumua vizuri tu ikiwa haijavutwa gesi. Funga tangi dogo la pembeni, ukimbie nalo, kama inavuta basi kabureta haina hatia.

Leta namba mbili hapa: volti za koili ikiwa baridi, na volti za koili wakati inamisi. Na sema kama ni platini au elektroniki, tutajua pa kuanzia.