Unapompigia Daktari Simu Saa Nane za Usiku

Nikiwa muuguzi mgeni katika wodi ya wazazi, usiku mmoja nilimpigia daktari wa zamu nikamwambia, "Samahani daktari, hali ya mama wa kitanda namba 6 siielewi." Akajibu kwamba anamalizia upasuaji na atakuja. Alifika baada ya dakika 40, wakati tayari tulikuwa tunahangaika kutafuta damu ya kumwongezea mama yule, ambaye kwa bahati alipona. Nilimlaumu daktari kwa miezi, hadi nilipoyarejea maneno yangu na kukiri kwamba hakuna hata moja lililomjulisha kuwa mgonjwa anatoka damu.

Siku hizi ningesema hivi: "Daktari, ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Mama aliyejifungua saa moja iliyopita anatoka damu nyingi. Mapigo ni 128, presha 85 kwa 50. Mji wa mimba umelegea. Nimeukanda na nimempa oksitosini uniti 10, lakini damu haijakata. Naomba uje sasa, au umtume mwenzako." Mpangilio huu wa hali, historia, tathmini na ombi hufundishwa kwa jina la SBAR, yaani herufi za kwanza za maneno hayo kwa Kiingereza, na asili yake ni nyambizi za jeshi la majini la Marekani, mahali ambapo taarifa ya kuzungukazunguka haivumiliki.

Kinachotushinda wengi ni lile ombi la mwisho, kwa sababu tulizoezwa kuamini kwamba muuguzi hutoa taarifa tu, na kumwambia daktari unachotaka afanye ni kukosa adabu. Mimi naona adabu imo katika sauti na katika ukweli wa vipimo ulivyochukua kabla ya kuinua simu.

Akikupa agizo kwa simu, mrudilie jina la dawa, kiasi na njia ya kuitoa, kisha uliandike kwenye faili pamoja na saa. Maagizo yetu hutajwa kwa Kiingereza, na katika lugha hiyo kumi na tano na hamsini husikika karibu sawa.

Ukitofautiana na daktari, subiri mtoke kando ya kitanda cha mgonjwa. Lakini ikiwa sindano ya penisilini imekwisha kuvutwa na faili linaonyesha kwamba mgonjwa ana mzio nayo, sema hapo hapo, hata kama profesa yupo kwenye raundi.