Viwanja vya Ufaransa vyenye majina ya watu: namna ya kufika bila kupotea

Wafaransa hawana uchoyo wa majina. Uwanja, daraja, bwawa, kituo cha metro, hata jukwaa la mashabiki hupewa jina la mtu, na mtu huyohuyo anaweza kugawiwa sehemu tatu katika mji mmoja. Mgeni anayeandika jina tupu kwenye simu na kufuata mshale ndiye anayefika mechi ikiwa mapumzikoni. Kabla ya kutoka, andika jina kamili la mahali, mji ulipo, na kituo cha kushukia. Andika na kituo cha kurudia, maana havifanani kila mara.

Mwenye mitego mingi kuliko wote ni Charles de Gaulle, jenerali aliyekuja kuwa rais. Kuna kituo cha Charles de Gaulle–Étoile, chini ya Arc de Triomphe. Kuna daraja la Charles-de-Gaulle, karibu na kituo cha treni cha Gare de Lyon. Na kuna uwanja wa ndege, uliofunguliwa 1974 huko Roissy, nje kabisa ya jiji kaskazini-mashariki. Étoile iko kwenye RER A (RER ni treni za jiji na vitongoji vyake). Uwanja wa ndege uko kwenye RER B. Hata ukiipata B, kazi haijaisha: njia hiyo inagawanyika Aulnay-sous-Bois, treni moja ikienda uwanja wa ndege na nyingine Mitry-Claye, na ukiwa katikati ya Paris zote zinasimama pale pale. Usipande kwa sababu imeandikwa B. Soma ubao unaoorodhesha vituo. Kituo cha Charles de Gaulle 1 ni cha Terminal 1 na 3, na kile cha 2 TGV ni cha Terminal 2. Ukikosea hapo si msiba, kuna kitreni cha bure kiitwacho CDGVAL. Tiketi ya kawaida ya metro, kwa upande wake, haifiki uwanja wa ndege. Safari hiyo ina tiketi yake, tena ghali.

Ukiuliza njia, wenyeji watakujibu kwa majina mengine kabisa. Uwanja wa ndege wanauita Roissy, mzunguko wa Arc de Triomphe ni Étoile ingawa ulibadilishwa jina 1970, na jumba la sanaa la Centre Pompidou ni Beaubourg. Mtu wa Dar anayesema "Kwa Mkapa" au wa Nairobi anayesema "Kasarani" hatashangaa.

Sasa Roland-Garros, viwanja vya tenisi vya mashindano ya French Open, ambako wageni wengi wa michezo huelekea. Mwenye jina hakuwa mchezaji tenisi maarufu. Alikuwa rubani, mzaliwa wa Saint-Denis kisiwani Réunion, na tarehe 23 Septemba 1913 alikuwa wa kwanza kuivuka Mediterania kwa ndege bila kutua, kutoka Fréjus hadi Bizerte nchini Tunisia. Ndege yake iliangushwa vitani Oktoba 5, 1918, siku moja kabla ya kutimiza miaka 30. Mwaka 1928, Ufaransa ilipohitaji uwanja wa kutetea Kombe la Davis, la tenisi ya timu za taifa, Émile Lesieur, aliyesoma naye na wakati huo akiongoza klabu ya Stade Français, alishikilia uitwe kwa jina la mwenzake. Angalia unachoandika unapotafuta ndege ya kwenda: uwanja wa ndege uitwao Roland-Garros upo Réunion, katika Bahari ya Hindi.

Anwani ni 2 avenue Gordon-Bennett, 75016 Paris. Ukija kwa metro namba 10, shuka Porte d'Auteuil, kisha tembea kama dakika kumi. Kosa linafanyika jioni. Eneo hilo treni za namba 10 hupita kwa mviringo, na Porte d'Auteuil inahudumia treni zinazokwenda Boulogne tu. Ukirudi kituo ulichoshukia, utapelekwa mwisho wa njia badala ya katikati ya jiji. Tembea hadi Michel-Ange–Molitor, panda namba 10 iendayo Gare d'Austerlitz, au namba 9 hapo hapo. Kituo cha Michel-Ange–Auteuil kina jina karibu sawa, lakini kwa namba 10 nacho ni cha kwenda Boulogne tu.

Tiketi za mashindano ni za kwenye simu na zina jina la mtu, kwa hiyo beba kitambulisho kinacholingana nalo. Usinunue ya mkononi nje ya geti. Kuuziana upya hufanyika kwenye mfumo rasmi peke yake. Halafu uelewe unanunua nini. Tiketi ya mchana ya Philippe-Chatrier, uwanja mkuu, inakupa kiti hapo pamoja na ruhusa ya kuzunguka viwanja vidogo, lakini haikuingizi Suzanne-Lenglen, uwanja wa pili kwa ukubwa, na ya Lenglen haikuingizi Chatrier. Tiketi ya viwanja vidogo peke yake ndiyo nafuu, na siku za mwanzo ndiyo ninayoipendekeza: mechi huanza saa tano asubuhi, unakaa hatua chache kutoka kwa wachezaji, na nafasi ni ya aliyewahi. Ubaya wake ni mvua. Chatrier ina paa tangu 2020 na Lenglen tangu 2024. Kwingine mchezo husimama. Kile kinachoitwa udongo mwekundu si udongo, ni unga wa tofali wenye unene wa milimita moja hadi mbili juu ya chokaa iliyosagwa. Ukilowa sana mpira haurudi inavyopaswa na mchezaji anateleza, basi hufunikwa turubai na kusubiriwa.

Kati ya viwanja vyote vya humo, Simonne-Mathieu ndio wa kuupitia hata kama huna muda. Ulifunguliwa 2019, una viti 5,000, na umezungukwa na nyumba za vioo za mimea. Mathieu alichukua ubingwa hapo 1938 na 1939, kisha 1940 akajiunga na de Gaulle London na kuanzisha kikosi cha wanawake wa kujitolea.

Umbali mfupi kutoka Roland-Garros kuna uwanja wa Jean-Bouin, na huu umetazamana na Parc des Princes, uwanja wa PSG. Siku ya mechi usifuate umati tu, soma jina la uwanja kwenye tiketi. Bouin alikuwa mkimbiaji wa Marseille aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 Olimpiki ya Stockholm 1912 na kuuawa vitani 1914, na baada ya hapo miji mingi ilijipatia Jean-Bouin yake. Marseille ni jukwaa ndani ya uwanja wa mpira wa Vélodrome. Angers ulikuwa uwanja mzima hadi 2017, ulipopewa jina la Raymond Kopa. Ramani ya zamani itakupoteza, ila msimbo wa posta hauna utani: tarakimu mbili za mwanzo ni jimbo. 75 ni Paris, 92 ni magharibi ya jiji, 93 ndiko iliko Stade de France, 59 ni Lille, 42 ni Saint-Étienne.

Lille nako kuna lake. Uwanja wa mpira wa Stade Pierre-Mauroy hauko Lille, uko Villeneuve-d'Ascq. Panda metro namba 1 hadi mwisho, 4 Cantons. Mauroy alikuwa meya wa Lille na waziri mkuu kuanzia 1981 hadi 1984, na uwanja ulipewa jina lake alipofariki 2013. Tangu 2022 jina la mdhamini, Decathlon Arena, limetangulizwa mbele, lakini Olimpiki ya 2024 ilipokuja mdhamini aliondolewa. Majina mawili, mahali pamoja.

Anayependa historia aende uwanja wa Yves-du-Manoir, Colombes, 92700. Ulikuwa uwanja mkuu wa Olimpiki ya 1924 na wa fainali ya Kombe la Dunia 1938. Panda treni ya mstari J kutoka kituo cha Saint-Lazare, Paris, shuka kituo kiitwacho Le Stade. Du Manoir alikuwa mchezaji wa raga na rubani, akafa katika ajali ya ndege Januari 1928, akiwa na miaka 23.

Na ukitaka kuogelea badala ya kutazama, bwawa la Joséphine-Baker linaelea juu ya mto Seine, karibu na kituo cha Quai de la Gare, metro namba 6. Hapa wanaume wa Afrika Mashariki hurudishwa mlangoni mara nyingi, si kwa ubaguzi bali kwa kaptura. Mabwawa ya umma ya Paris hayapokei kaptura pana yenye mifuko, hata iwe mpya. Yanataka nguo ya kuogelea inayobana, na kofia ya kuogelea kwa kila mtu, hata mwenye kipara.