Jirani anapiga shabaha uani, Florida: anzia kwa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti

Ndugu, nimekuelewa: kila Jumamosi jirani anafyatulia makopo uani kwake, watoto wako wanacheza upande wa pili wa uzio, na unataka kaunti itunge sheria ndogo ya kumzuia. Huko usipoteze muda. Kifungu 790.33 cha sheria za Florida kinazinyima kaunti na miji mamlaka ya kutunga sheria za bunduki.

Unachohitaji kipo tayari, kifungu 790.15. Tangu 2016, kufyatua bunduki nje kwa kujifurahisha kwenye makazi yenye nyumba moja au zaidi kwa eka ni kosa: hadi mwaka mmoja jela na faini ya dola 1,000. Kwa hiyo ingia tovuti ya mthamini wa mali wa kaunti, uchapishe ukubwa wa viwanja vinavyowazunguka. Vikiwa vya robo eka, umeanza vizuri.

Utetezi wake utakuwa kwamba hakukuwa na hatari yoyote. Basi piga picha anacholengea, ukiwa ndani kwako. Tuta nene la udongo ni jambo moja, uzio wa mbao ni jingine kabisa, hata risasi ndogo ya .22 inapenya ubao, na hewani inaweza kufika zaidi ya kilomita moja.

Mpigie sherifu simu jirani anapofyatua, si kesho yake. Risasi ikiingia kwako piga 911, namba ya dharura, papo hapo, na usiichokoe ukutani kwa kisu. Waache polisi waitoe. Usimfuate akiwa ameshika bunduki. Sherifu akisuasua, wakili wa hukohuko aombe zuio mahakamani.